Njia ya Babu Yake Nyati

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakijenga na kupika kama sisi, Nyati na Digidigi walikuwa majirani. Nyati alikuwa mkubwa wa kila kitu: umbo, sauti na ubishi. Digidigi alimfikia magotini tu. Lakini walipendana, moto wa mmoja ukizimika, mwenzake alimpelekea kaa.

Mwaka mmoja mtoto wa Nyati, jina lake Kirumbi, aliugua. Masikio yake yalijaa kupe, akakonda, akaacha kucheza. Nyati aliwalaumu ng'ombe wa bondeni, kisha swala, kisha mashemeji zake. Akishamaliza kulaumu, alimpeleka mtoto mtoni kwa njia ileile nyembamba, katikati ya majani marefu, aliyoachiwa na babu yake.

Digidigi, ambaye macho yake yalikuwa karibu na majani, aliona jambo. Kwenye ncha za majani ya njia ile kupe walikaa wamenyoosha miguu ya mbele, wakisubiri wa kumdandia. Akachukua shuka jeupe la kitandani kwake, akaliburuta majanini, sha-sha-sha. Likajaa nukta nyeusi. Akalikung'uta, akaliburuta uwandani penye nyasi fupi. Likarudi jeupe.

Alipomwonyesha Nyati, Nyati alimshauri afue matandiko yake.

"Babu alipita pale mpaka akafa," alisema.

"Alikufa kwa nini?"

"Ya babu yangu hayakuhusu, kijukuu cha nzige wewe."

Digidigi alirudi kwake na uchungu, si kwa tusi, bali kwa kumwona Kirumbi ameegemea ukuta ili asianguke. Akawaza: huyu si mpumbavu, anampenda babu yake tu. Basi nimshike hapo hapo.

Asubuhi alikwenda amejitanda kanga kama aendaye kuhani msiba, akaketi mkekani.

"Jirani, nimekuja kukulaumu. Njia ya babu yako anapita ngiri, mkia juu. Anapita fisi. Hata wewe unaipita na matope yako. Kwetu, njia ya mtu mzito hufungwa ipumzike, hata jani lisiguswe, mpaka mvua zije ziishe na kiangazi kingine kiingie."

Nyati akauliza, "Na maji?"

"Mtazunguka uwandani. Ni mbali, lakini ni babu yako."

Siku hiyohiyo Nyati aliziba njia kwa miiba, huku na huku. Jioni Digidigi alikuja na wanawe, wakamtoa Kirumbi kupe, sikio moja baada ya jingine. Kule njiani kupe walisubiri. Hakupita mtu. Wakafa njaa, miguu wameinyoosha.

Kiangazi cha pili kilipoingia, Kirumbi alikuwa amenenepa. Nyati akaomba lile shuka, akaliburuta mwenyewe kwenye njia ya babu. Likatoka jeupe. Akalitazama sana.

"Digidigi. Hivi kwenu kweli mnafunga njia?"

"Kwetu hatuna hata njia, jirani. Tunapita chini ya vichaka."

Nyati alicheka, majani yakatikisika. Kirumbi alidhani ni radi, akatimka mbio, pu-pu-pu, mpaka mtoni. Baba yake akamtazama akikimbia, kisha akalikunja shuka taratibu, pembe kwa pembe, na kumrudishia mwenyewe.

Basi wanangu, mbishi usimsukume; mshike mkono kwa kile anachokipenda, atakufuata.