Kanzu ya Zimwi

Sogeeni, wanangu, niwasimulie. Zimwi lilimteka mumewe Mwanaidi, fundi wa nguo, likasema, "Nishonee kanzu isiyochanika, au nitammeza." Akashona ya hariri, ikachanika. Akashona ya pamba, ikachanika. Ya tatu akaikata kwa turubai nene, lakini vidole vilikuwa vimemvimba, akamwomba dada yake Mize amalizie mshono wa ubavuni.

Zimwi lilipoivaa, turubai halikuchanika; mshono ndio uliofumuka. Likammeza yule mume.

Mwanaidi akautazama uzi. "Dada, umepiga bandi tu, mishono mirefu ya kushikiza."

"Mimi ndiye niliyempenda kwanza," akajibu Mize. "Bora tumkose sote."

Mwanaidi akakusanya sindano zake, akahama. Hadi uzeeni hakuruhusu mkono mwingine uguse kazi yake.

Nilichosikia ndicho hicho. Mwenye machozi ayafute.