Ua Hili, Ua Huu

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kinyonge kama watu wenye njaa. Basi nawapa habari za njaa.

Hapo zamani za kale jua liliwaka, likawaka, maua yote makubwa yakanyauka. Ukabaki mgiligilani mmoja nyuma ya jiko, umechanua. Inzi akauona. Hajala tangu juzi. Asipokunywa leo, kesho ni maiti. Zzii, zzii, akatua.

"Shuka," akasema Kipepeo.

Mnamjua Kipepeo. Mabawa mapana, kichwani upepo mtupu. Alijibwaga katikati, ulimi wake mrefu kaukunja kwa maringo.

"Desturi yetu ni ua moja, mgeni mmoja. Hili ni langu. Nenda jalalani kwenu."

"Jalala nalo limekauka, bwana. Nionje tu."

"Uonje kwa ulimi gani? Huo mfupi kama kisigino?" Kwi kwi kwi, akacheka. Wadudu wengine wenye njaa walikuwa wamejipanga kwenye majani, wanasikia yote.

"Unaapa ni ua moja, mgeni mmoja?" Inzi akauliza.

"Naapa. Atakayegusa la pili afukuzwe bustanini."

Inzi akainama, akatazama. Bua moja limetoa vijiti vingi pahali pamoja, kama mwavuli. Kila kijiti kimebeba mwavuli mwingine mdogo. Na juu ya kila mwavuli mdogo, maua, maua, maua, madogo kama punje za mchele, kila moja na petali zake tano, utamu wake uko wazi juu kama kwenye sahani. Yale ya ukingoni tu ndiyo yenye petali ndefu, zimetazama nje. Hizo ndizo zilizomdanganya yule mjinga akadhani ni ua moja kubwa.

"Bwana," Inzi akasema, "si ua hili. Ni ua huu. Huu ni ua wa nyumba, na maua ndio wenyeji. Wewe umekalia lipi?"

Kipepeo akatazama chini ya ulimi wake. Kaua kamoja, kadogo.

"Basi hako ndiko kako. Umeapa mwenyewe."

Wadudu wakashuka, kila mmoja na lake. Inzi akalamba, lamba lamba, ulimi mfupi ukamtosha. Kipepeo akanyonya mara moja, fyuu, pakakauka. Akabaki analamba petali, na wote wanamtazama.

Anayetunga sheria ya kuwanyima wenzake, njaa itamkuta ndani ya sheria hiyohiyo. Hadithi yangu imeishia hapo, na mwenye maringo humu ndani ashike kaua kake.