Nira ya Bi Punda

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona sauti ndogo hivyo? Hata kina mama kule nyuma waitikie. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Naam. Ngano hii alinipa bibi yangu, mzaa mama, akichagua mchele. Hayupo tena, Mungu amrehemu. Lakini kila nikiifungua ngano yake nausikia ungo wake: cha, cha, cha.

Zamani hizo, mafuta ya ufuta yakikamuliwa kwa miguu na si kwa mashine, Bwana Nyati alikuwa na kinu. Kinu kikubwa cha mti. Aliyekizungusha ni Bi Punda. Asubuhi anavaa nira, anazunguka. Kinu kinalia, kwii, kwii, kwii. Mafuta yanadondoka, tii, tii, tii. Mji mzima unanukia ufuta. Jamani, harufu ile! Siku hizi mtaipata wapi?

Miaka kumi na miwili Bi Punda alizunguka. Hakuchelewa. Hakulalamika, ila mara moja tu.

"Bwana Nyati, mti wa kinu una ufa."

"Nitautazama, Bi Punda."

Hakuutazama.

Siku moja, kwii, kwii... kwachaa! Mti ukakatika, ukamwangukia Bi Punda mguuni. Mguu ukavunjika.

Akaitwa Korongo, fundi wa kuunga mifupa. Korongo akaufunga mguu kwa vijiti. Akasema, "Miezi mitatu asifanye kazi. Akirudi kabla, atachechemea maisha yake yote."

Bi Punda akalia. Si kwa maumivu. "Na kazi yangu je?"

Bwana Nyati akamshika bega. "Nenda kajiuguze. Nafasi yako ipo. Ukipona, njoo uvae nira yako."

Bi Punda akaenda kwake, ng'ambo ya bonde. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili upepo ukamletea sauti: kwii-kwii-kwii. Haraka haraka. Akajua mti mpya umewekwa, na miguu ile si yake. Akajiambia, "Ananishikia nafasi tu." Akafumba macho. Akayakumbuka mashudu ya moto, makapi ya ufuta uliokamuliwa, waliyokuwa wakila asubuhi yeye na wenzake. Akaukumbuka utani wa Mbuzi, mpepetaji wa ufuta. Akakikumbuka hata kile kivumbi cha chini ya kinu kilichokuwa kikimpigisha chafya. Moyo ukamuuma kuliko mguu.

Na miguu ile ilikuwa ya nani? Ya Ngiri. Kijana, mwenye nguvu, mbio kama upepo. Bwana Nyati akamtazama, akafurahi. Akawaza: yule wa kwanza atarudi na mguu wa kuungwa, wa nini? Akamwambia Ngiri, "Kazi hii ni yako moja kwa moja. Aliyekuwepo aliacha mwenyewe."

Mbuzi alisikia. Akaogopa. Akainama, akaendelea kupepeta.

Miezi mitatu ikatimia. Korongo akafungua vijiti. "Kanyaga." Bi Punda akakanyaga. "Umepona. Ila mwezi wa kwanza fanya nusu siku."

Bi Punda akaoga, akauchana mkia, akavuka bonde. Akamkuta Bwana Nyati mlangoni.

"Bwana Nyati, nimepona."

Bwana Nyati akatazama chini. "Pole, Bi Punda. Nafasi imejaa."

"Imejaa? Si ulisema ipo?"

"Ufuta ulikuwa unaharibika. Ningefanyaje?"

"Kuweka mtu sikukatazi. Ulipaswa kuweka. Lakini nimerudi, nataka pangu." "Umeusahau mwaka ule wa kwanza? Hatukuwa na paa. Mvua ikija, kwa mkeka wetu mmoja tunakifunika kinu, mimi na wewe tunalowa, tunacheka."

Kwii... kwi... Kinu kikasimama.

Ngiri akageuka. "Mama, wewe ndiye mwenye nira hii?"

"Ndimi."

"Niliambiwa uliacha kazi mwenyewe. Mbuzi, ni kweli?"

Safari hii Mbuzi akaweka ungo chini. "Si kweli. Alivunjika mguu hapo hapo ulipo. Na ule ufa alikuwa ameusema."

Ngiri akavua nira, akaiweka chini polepole. "Bwana Nyati, na mimi nikivunjika, utamwambia nani kwamba nimeacha?"

Bwana Nyati aliona haya. Akakaa juu ya gunia la ufuta, akajifuta macho. "Mkeka ule," akasema, "ulikuwa wako, Bi Punda. Nisamehe. Nilikosa mara mbili: sikuutazama ufa, wala sikutimiza neno langu."

Bi Punda akarudi kazini. Mwezi mzima asubuhi yake, alasiri ya Ngiri. Mguu ulipopata nguvu, kinu kikawa chake siku nzima kama zamani. Ngiri hakufukuzwa, alipewa kubeba magunia kutoka shambani. Na Bwana Nyati akawa anaukagua mti wa kinu kila asubuhi, kabla ya yeyote kuvaa nira.

Mmesikia, wakubwa na wadogo? Aliyeumia katika kazi yako, mwache apone, na akipona arudi pale pale alipotoka. Nafasi yake si zawadi yako ya kumpa au kumnyima. Ni haki yake.

Ngano yangu imefika mwisho, na mimi nanyamaza. Inukeni mkawajulie hali wagonjwa wenu.