Majiko ya Chumvi ya Kapaya

Jiko likizimwa huwashwa, mkono ukitupwa haurudi. Mmeyasikia maneno haya leo asubuhi pale karakana, Bi Kalunde alipomjibu mwanawe aliyetaka kuwaachisha kazi maseremala watatu kwa kuwa samani hazinunuliwi. Mmeniuliza yalitoka wapi. Yalitoka penye chumvi, na chanzo chake kilikuwa hivi.

Zamani sana, katika bonde lililoitwa Nyabugo, palikuwa na visima vya maji ya chumvi kando ya mto. Mwenye visima alikuwa Kapaya. Watu tisa, aliowaita mikono yake, walimfanyia kazi: walichota maji yale, wakayachemsha vyunguni hadi chumvi ibaki, naye akawalipa mtama na nguo. Kati ya hao tisa, wawili ndio waliokuwa nguzo. Mzee Mihambo alikandika ukuta wa udongo uliozuia mto usiingie visimani. Nyamizi, aliyeitwa Mama Shija kwa jina la mwanawe, alijua wakati hasa wa kuiepua chumvi ikiwa bado majimaji, akaitia kapuni ili maji machungu yachuruzike. Wasafiri walisema chumvi ya Nyabugo haina uchungu hata chembe.

Ukaja mwaka wa vita. Njia ya misafara ikafungwa. Wanunuzi hawakuonekana mwezi wa kwanza, wala wa tatu, na chumvi ikajaa kibandani mpaka ikaanza kuyeyuka kwa unyevu. Mavuno nayo yalikuwa haba. Kapaya akawa analizunguka ghala lake kila asubuhi. Mtama uliokuwamo ungewafikisha watu wote kwenye mavuno kama wangekula mlo mmoja kwa siku. Kama ungeliwa na watu wa nyumba yake peke yao, wangeshiba.

Kapaya hakuwa mtu katili. Alipokuwa mdogo aliwaona ndugu zake wawili wakifa kwa njaa, na tangu hapo hakuweza kuona ghala likipungua bila kuiona tena njaa ile. Siku moja akawaita wafanyakazi wake wote.

"Majiko nimeyazima," akawaambia. "Nendeni mkatafute riziki mahali pengine. Mambo yakitengemaa nitawaita."

"Utatuita kutoka wapi, Baba?" akauliza Nyamizi.

Kapaya akageuka kuelekea ghalani.

"Tupunguzie kibaba cha mtama, usitupunguze sisi," akasema Nyamizi. "Tutakula mara moja kwa siku. Mzee Mihambo ataendelea na ukuta wake, na sisi tutalima kule juu, tupande mihogo. Kazi hatutakosa."

"Na hiyo mihogo itakomaa lini? Mtakula nini mkiingoja?"

"Kile utakachokula wewe."

Kapaya akatazama chini. "Nina watoto, Mama Shija."

"Hata mimi ninaye," akasema Nyamizi, akageuka ili Kapaya amwone Shija aliyelala mgongoni.

Kapaya alimwona. Moyo ulimwambia awaache wabaki, lakini hofu ilikuwa imekwisha kufika mdomoni. "Nendeni," akasema.

Mihambo alikwenda ukutani, akaziba ufa mmoja uliokuwa umefunguka, akanawa mikono mtoni, kisha akawafuata wenzake.

Nyumba ya Kapaya ilishiba mwaka ule. Lakini masika yalipoingia, mto ulijaa kuliko miaka yote. Kapaya na wanawe walitupa udongo ukutani kutwa nzima, na kila walipoziba, palibomoka pengine. Jua lilipokuwa linakaribia kutua ukuta ukaanguka, na maji ya mto yakamwagika visimani.

Mwaka uliofuata vita vikaisha. Habari zikafika kwamba misafara inakuja. Kapaya akachukua watu wa kijiji jirani, wakasafisha visima, wakawasha majiko yote. Moto uliwaka vizuri. Lakini maji yalikuwa yamechanganyika na ya mto, yakala kuni mara mbili, na wale wapya waliyachemsha mpaka yakakauka kabisa, uchungu wote ukabaki ndani. Kiongozi wa msafara akaonja, akatema.

"Kapaya, hii ni chumvi au dawa ya kuharisha?"

Wakajitwika mizigo yao, wakaenda zao.

Ndipo Kapaya alipofunga mzigo wa nguo na mtama, akaenda kuwatafuta watu wake. Siku ya sita, ng'ambo ya msitu, alimkuta Nyamizi akitwanga nje ya kibanda cha nyasi.

"Mama Shija," akaita kwa furaha.

Nyamizi akaushusha mchi. "Usiniite hivyo. Shija tulimzika siku ya nne, kando ya njia. Mzee Mihambo ndiye aliyemchimbia kaburi. Siku chache baadaye tulimzika Mzee mwenyewe, na yeye tulimchimbia kwa vijiti, maana jembe tulikuwa tumelibadilisha kwa uji."

Kapaya akaketi chini pale pale aliposimama.

"Na wengine?"

"Kila mtu na njia yake. Sijui."

"Nimekosa, binti yangu. Nimekuja kukurudisha. Majiko nimeyawasha. Utakula ninachokula."

Nyamizi alimtazama bila hasira, na hilo lilimuumiza Kapaya kuliko matusi.

"Jiko likizimwa huwashwa, Baba," akasema. "Mkono ukitupwa haurudi."

Akaingia ndani, akamletea maji ya kunywa kama anavyopewa mgeni yeyote. Kisha akarudi kwenye kinu chake.

Kapaya aliuacha mzigo wake pale. Akarudi kwa njia ile ile waliyopita wao, akitafuta makaburi mawili ili angalau ayafyekee nyasi. Alitembea akiinama, akipapasa majani kwa mikono, huku na huku ya njia, siku nzima. Nyasi zilikuwa zimeota mahali pote sawasawa. Hakuyaona.

Bila ukuta, visima vya Nyabugo vilifukiwa tena na matope ya mto, na hakuna aliyechemsha chumvi tena bondeni. Kapaya aliishi miaka mingi baadaye. Wapita njia walipomuuliza kwa nini pale pana majiko mengi na hakuna chumvi, hakuvilaumu vita wala masika. Aliwasimulia habari hii yote, hata jina la mtoto hakuliruka, na akamalizia kwa maneno ya Nyamizi. Wao wakayachukua, wakaenda nayo mbali.

Hayo ndiyo Bi Kalunde aliyomwambia mwanawe leo asubuhi: jiko likizimwa huwashwa, mkono ukitupwa haurudi.