Jicho la Kunde

Hizo kunde mnazochagua kwenye ungo, wajukuu zangu, zamani hazikuwa na jicho. Zilikuwa nyeupe kote. Za mbegu na za kupika zilitofautishwa kwa kibuyu tu.

Wakati huo, katika kijiji cha mlimani, aliishi Bibi Nakijwa, mtunza mbegu wa ukoo wake. Vibuyu vyake viwili vilining'inia juu ya meko. Kunde za chakula alizikaanga kidogo zisibunguliwe, kwa hiyo hazikuweza kuota. Za mbegu hazikuguswa na moto. Kipi kilikuwa cha mbegu, alijua yeye peke yake.

Alimlea mjukuu wake, Naetwe. Kila alipomtuma mbali, alichovya kidole kwenye masizi ya chungu akamtia nukta kwenye paji la uso. "Nenda," alimwambia. "Mwenye kijicho ataona kuwa una mwenyewe."

Mwaka mmoja mvua zilichelewa. Bibi Nakijwa aliugua siku nne. Siku ya tano alimwambia Naetwe, "Njaa ikiwabana, msiguse mbegu. Mkiila, mtakuwa mmenizika mara mbili." Akafa asubuhi hiyohiyo.

Watu wakajaa msibani. Wanawake walipika kwa haraka, na mmoja akatungua kibuyu kilichokuwa karibu. Naetwe alikuwa uani akilia. Aliporudi jikoni, kibuyu kimoja kilikuwa kitupu. Kingine kilibaki, na hakuna aliyeweza kumwambia ni kipi.

Tangu hapo hakutulia. Kila asubuhi alikinyanyua kibuyu kilichobaki, na kila asubuhi kilikuwa chepesi kuliko jana. Alijua anayechota. Shangazi yake, binti wa marehemu, alikuwa na watoto watatu waliolia kutwa. Naetwe alitazama mawingu yakipita, akatazama kibuyu, akahesabu siku. Havikulingana.

Siku ya kumi alizimwaga kunde zote kwenye mkeka. Akakwangua masizi ya chungu cha Bibi, akaanza kutia nukta, kunde moja baada ya nyingine, pale mbegu inaposhikana na ganda lake. Alimaliza vidole vikiwa vyeusi hadi kwenye kucha, akazirudisha kibuyuni.

Jioni shangazi alikuja na sufuria. Akachota, akainama, akasimama ghafla.

"We Naetwe! Umezifanya nini hizi?"

"Nimezitia masizi, shangazi. Kama Bibi alivyotutia sisi."

"Zinanitazama!"

"Basi zipike."

Shangazi aliangalia tena ndani ya sufuria. "Hivihivi ndivyo mama alivyonitazama siku nilipodokoa nyama ya wageni," alisema. Akacheka, kicheko kikakatika, akakaa chini na kulia. Kisha akazirudisha kibuyuni, hata moja haikubaki. Usiku huo watoto walilala na mchuzi wa mlenda bila kitu kingine, na siku sita zilizofuata vilevile.

Siku ya saba mvua ilinyesha. Wakapanda. Mvua ikaosha masizi yote, na Naetwe akabaki na hofu yake ileile: huenda wamezika kunde za kukaanga. Siku tatu alichutama kando ya shamba akitazama udongo mtupu. Siku ya nne udongo ukapasuka, kijani kikatokeza mstari mzima.

Lakini walishangaa zaidi wakati wa mavuno. Naetwe alipasua ganda la kwanza, akamwita shangazi yake. Kila kunde ilikuwa na nukta nyeusi palepale alipoiweka, na hakuna maji yaliyoweza kuitoa.

Na tangu siku hiyo kunde ina jicho. Na tangu siku hiyo, katika ukoo huu, hakuna anayeinjika chungu cha kunde kabla hajarudisha konzi moja kibuyuni.

Bibi yenu, ambaye leo tunamfanyia arobaini, alifanya hivyo hadi wiki aliyoanguka. Siku arobaini kibuyu chake hakijaguswa. Maji yanachemka, wageni wanakuja. Haya, leteni mkono. Nani anarudisha ya kwanza?