Mwashi Aliyetafuta Neno

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya mawe ambayo kila mpita njia aliisifu, lakini mwenyewe hakuwa na raha. Jina lake Gwamaka, mwashi wa milimani. Chama cha waashi wa huko kilikuwa na chumba chenye pazia, na ilisemekana kwamba nyuma ya pazia ndugu wa daraja la juu walilitunza Neno lililowapotea wengine siku alipokufa fundi wa kwanza. Watu wa sokoni walisema humo mna joka linalotapika noti. Waache waseme, watachoka. Hilo Neno hakuambiwa mtu. Kila mwashi alilitafuta mwenyewe, akalitaja mbele ya ndugu siku ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, na aliyekosa aliambiwa, "Bado." Gwamaka alikuwa ameambiwa bado hadi mvi zikamwota.

Basi akajijengea kijumba uani, cha mawe yaliyochongwa, wembe haupenyi kwenye maungio, wala dirisha hakina. Akajiwekea sharti kwamba akiwa ndani haitikii mtu. Humo alisali, alifunga, akayageuza majina ya malaika mbele nyuma, akayapima maandiko kwa bikari na guni, zana za mwashi.

Wiki ile ya sikukuu, kila asubuhi, sauti ilikuja mlangoni: "Hodi!" Aliijua. Ilikuwa ya Lusekelo, mdogo wake, mchoma matofali. Hawakuwa wakisemezana tangu Gwamaka alipomtania mbele za watu kwamba jiwe haliketi meza moja na tope. Watu walicheka, na Lusekelo akaondoka na uchungu wake. Sasa alibisha hodi mara tatu, kama ilivyo ada, kisha akaenda zake, na kesho yake akarudi. Gwamaka alikereka kweli kweli. Nikishalipata Neno nitamwitikia, alijisemea, haraka ya nini?

Asubuhi ya sikukuu hakuwa na kitu. Maneno yote aliyoyakusanya yalikuwa makavu mdomoni kama chokaa. Akaketi sakafuni akalia, mtu mzima na ndevu zake. Nje, hodi! Akanyamaza. Hodi! Akanyamaza. Ya tatu ilitoka kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiyekusudia kurudi tena, na Gwamaka akaona moyo unamtoka. Sharti akalitupa huko.

"Karibu!" akaita. "Karibu, mdogo wangu, ingia!"

Mlango ukafunguka, na jua likaingia mle ndani kwa mara ya kwanza. Lusekelo alisimama akitabasamu na kulia kwa pamoja. Mkewe alikuwa amejifungua, baada ya miaka ya kungoja, naye Lusekelo hakutaka mtoto apewe jina kabla baba mkubwa hajafika. Wakaenda mbio kama watoto waliosikia ngoma. Wanawake walipiga vigelegele, uji ukanywewa, Gwamaka akampakata yule mtoto, akacheka mpaka akasahau kuna sikukuu.

Alifika chamani kwa kuchelewa, vazi lake jeupe la sikukuu limecheuliwa maziwa begani. Mkuu akamwuliza Neno.

"Sikulipata, mzee wangu," alisema, wala hakuona haya, kwa furaha aliyokuwa nayo. "Nilikuwa na mgeni mlangoni, nikamwambia karibu."

Kabla hajamaliza, wazee wote walikuwa wamesimama, wanapiga makofi, na mkuu mwenyewe analivuta pazia. Nyuma yake palikuwa na meza iliyoandaliwa, na mlango wa pili, wazi kabisa, unaotokea barabarani.

Nawe ndugu yangu, unayemtafuta Mungu kwa siri huku mlango umeukomea, hiyo hodi inayokuudhi kila asubuhi unadhani ni ya nani?