Mjane wa Mume Aliye Hai

Binadamu huchagua mizani inayompendelea, kisha huapa kwamba amepima. Ndivyo alivyofanya Lorna, binti msomi aliyeongoza kikundi cha wanawake kumi na sita waliofuma vikapu kwa magugumaji ya ziwa pale Nyalenda, Kisumu. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalosikitisha. Alikuwa mchapakazi asiyejua kukaa bure, na wanawake wale walimwamini kama dada yao.

Mwaka huo soko lilidorora. Vikapu vilijaa chumbani hadi mlangoni. Mnunuzi wao wa ng'ambo akaandika kwamba wateja wake walitaka kila kikapu kiwe na lebo yenye picha ya mfumaji na kisa chake, na visa vya wajane ndivyo vilivyowagusa zaidi. Bila lebo hizo, hangeagiza tena. Kikundi hakikuwa na mjane hata mmoja.

Lorna alikuna kichwa. Chuoni alikuwa amefundishwa nadharia mbili za maadili ya biashara. Ya kwanza husema kwamba tendo jema ni lile linalowafaa walio wengi. Ya pili husema kwamba wajibu ni wajibu: usiseme uongo, wala usimtumie binadamu mwenzako kama chombo, hata kwa jambo jema. Lorna aliwafikiria watoto wa wanawake wale, akaitupilia mbali nadharia ya pili. Alijiambia kwamba uongo huu ungewalisha wengi, na ungemdhuru nani? Hakuna!

Akamwita Apiyo, mfumaji hodari kuliko wote, ambaye mumewe, Okinyi, alikuwa mwashi kule Sondu.

"Apiyo, wacha nikupige picha na kikapu. Angalia chini kidogo, usicheke."

Apiyo aliangalia chini. Hakuuliza sababu.

Agneta, mkongwe wa kikundi, alimkuta Lorna akiandika maneno ya lebo, akaomba asomewe. Alipoyasikia, alishika kifua.

"Nyathina, mwanangu, mtu ako hai hawezi itwa marehemu. Hiyo ni chira, laana, unaita kwa boma ya watu."

"Mama, hizi lebo zinaenda ng'ambo. Nani huku ataziona?"

Agneta akarudi kufuma. Naye alikuwa na wajukuu wa kulisha.

Maagizo yalimiminika kama mvua ya masika. Kwa miezi mitano wanawake walikula wakashiba, na Lorna akaamini kwamba nadharia yake imethibitika. Lakini za mwizi ni arobaini. Mwenye nyumba moja ya wageni kule Sondu alirejea kutoka ng'ambo na kikapu, akakitundika ukumbini, lebo ikining'inia. Okinyi alikuwa akijenga ukuta wa nyumba hiyo hiyo. Siku moja aliingia kuomba maji, akakutana ana kwa ana na sura ya mkewe. Chini yake paliandikwa kwamba mumewe alikufa maji, naye hufuma akimlilia. Waashi wenzake nao walisoma. Tangu siku hiyo wakawa wanamwita kwa dhihaka, "Marehemu, leta karai!"

Okinyi alifika Nyalenda asubuhi, lebo mkononi.

"Apiyo, kumbe wewe ni chi liel? Mke wa kaburi? Hiyo kaburi yangu iko wapi? Nionyeshe!"

"Baba Sheryl, mimi sijui kitu. Haki ya Mungu."

"Hujui, na hii ni sura yako? Hata umeinamisha macho kama mtu ako matanga!"

Apiyo alimgeukia Lorna. Wote walimgeukia. Palihitajika maneno mawili tu: ni mimi. Yalimfika Lorna kooni. Kisha akawaza kwamba mnunuzi akisikia, kikundi kitavunjika, na wengi watalala njaa. Akapima tena kwa mizani ile ile.

"Sijui, Mzee. Pengine hao wa ng'ambo ndio walikosea," alisema.

Jioni hiyo Apiyo alifungashwa virago akarudi kwao Seme, huku mumewe akiamini kwamba mkewe alikuwa ameuza kifo chake. Wanaume wengine nao waliwakataza wake zao kwenda kufuma. "Leo ni Okinyi. Kesho mtazika nani?" waliuliza. Mwezi haukuisha kabla kikundi hakijasambaratika.

Majuto yalimla Lorna. Alisafiri hadi Sondu, akampigia Okinyi magoti, akakiri yote. Okinyi aliendelea kupanga mawe.

"Ungesema ile siku, mbele ya watu," alisema hatimaye. "Saa hii mamangu amesema huyo mwanamke asikanyage boma yake. Wazee wamekaa, wameongea, wamemaliza. Mimi nitarudisha maneno aje?"

Kule Seme, Apiyo alimpa Lorna kiti na maji ya kunywa, na ukarimu huo ukamchoma kuliko matusi.

"Nilitaka nyote mkule," Lorna alisema huku akilia.

"Najua, madam. Lakini ungeniuliza. Ningekataa, tungelala njaa pamoja, na mimi ningekuwa na bwana yangu."

Lorna alikuwa amedhani kwamba dhambi ingekuwa yake peke yake na faida iwe ya wote. Faida ilikwisha kwa miezi mitano. Apiyo alibaki bila ndoa, mtoto wao Sheryl akibebwa huku na huku kati ya maboma mawili, na Agneta akirudi sokoni kuwatafutia wajukuu chakula kwa magoti yaliyochoka. Hawa wote hawakuandika hata herufi moja ya ile lebo. Ama kweli, mchuma janga hula na wa kwao.